Notisi niliyokuwa nikiichapa mwenyewe

Niliitambua kabla sijasoma jina. Aya ya tatu, mstari wa pili, baada ya neno "kuondoa", kuna nukta mkato ambayo haina kazi yoyote pale. Niliiweka mimi, miaka mingi iliyopita, nilipokuwa karani wa kamati ya ujenzi na usafi katika manispaa. Kitufe cha mashine ya kuchapa kilikuwa kinanata. Zilipokuja kompyuta, mtu akainakili barua ileile pamoja na kosa lake, na tangu hapo nukta mkato yangu imebandikwa kwenye mageti ya watu wasiohesabika. Safari hii ilikuwa kwenye geti langu.

Notisi ilinitaka niondoe, ndani ya siku 14, jengo lililosimama juu ya njia ya majitaka. Nisipofanya hivyo, manispaa italiondoa yenyewe na kunidai gharama za kubomoa, za kuzoa kifusi na za kukarabati bomba, "bila taarifa nyingine". Maneno hayo nayo nayafahamu. Nimeyagongea mhuri wa bluu mpaka kidole gumba kikaota sugu.

Jengo lenyewe ni stoo. Si kubwa, hatua nne kwa tatu, bati juu, dirisha moja la wavu. Humo mlikuwa na kitanda cha marehemu mama ambacho hakuna anayekitaka na hakuna anayethubutu kukitupa, ndoo za rangi iliyokauka, baiskeli ya mwanangu, na daftari zangu za kikao ambazo sikupaswa kuondoka nazo.

Lakini stoo ni katikati ya habari. Mwanzo wake ni harufu.

Asubuhi moja nilikuta maji meusi yamesimama kwenye tundu la sakafu ya bafuni, yakipanda na kushuka polepole kama kitu kinachopumua. Sikuwa nimeoga, wala mtu mwingine humu ndani hakuwa ameamka. Ukiona maji yanapanda bafuni kwako na wewe hujafungua bomba, ujue bomba lililoziba halikuhudumii wewe peke yako. Wanaooga ni walio juu yako kwenye mteremko, ila yanatokea kwako kwa sababu tundu lako ndilo la chini kabisa. Majitaka hayachagui nyumba, yanatafuta tundu la chini.

Fundi akaja na fito zake za kuzibulia, zile za mita moja moja zinazoungwa kwa skrubu. Akafungua chemba ya nyuma ya nyumba, akaanza kusukuma. Fito ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nane ikagoma. Alizungusha, akavuta, akasukuma tena, na mlio uliorudi haukuwa wa taka laini. Ulikuwa mlio wa kitu kigumu. Akatoa fito zote, akazilaza juu ya ardhi kuanzia kwenye mdomo wa chemba kufuata uelekeo wa bomba, moja baada ya nyingine. Ya nane iliishia ukutani mwa stoo, na ncha yake, kama isingekuwa ukuta, ingekuwa ndani.

Akaitazama stoo. Kisha akanitazama mimi.

"Mama, hii ilijengwa lini?"

Sikumjibu. Nilimwambia ajaribu rangi kwanza. Kwa ruhusa ya jirani wa juu tulimimina maji ya rangi ya kijani kwenye choo chake, tukavuta maji mara mbili, halafu fundi akaenda kusimama kwenye chemba ya barabarani, mimi nikabaki uani. Dakika kumi zikapita na barabarani hakikuonekana hata chembe cha kijani. Nilipoingia ndani kutafuta simu nimwambie arudi, nikaona sakafu ya bafuni imekuwa kama ukoka.

Sasa niseme lile ambalo sikumwambia fundi. Nilijua. Siku ya kujenga stoo, mwashi aliniuliza, "Mama, hapa chini pana chemba, tuifanyeje?" Nami nikamwambia amwage zege juu ya mfuniko, aweke vigae, maana nani atakuja kuifungua? Hayo niliyasema mimi, niliyekaa kwenye kona ya meza ya kamati miaka 19 nikiandika kwamba mmiliki wa kiwanja namba fulani amejenga kibanda, ukuta au banda la kuku juu ya njia ya bomba, na kwamba kamati imeazimia kiondolewe. Nilikuwa nikiwashangaa watu hao. Hawaoni? Wanaona, bwana. Wanahitaji stoo.

Hapa inabidi nieleze mamlaka yenyewe, maana nimekuta hata majirani wenye shahada wanayachanganya. Wengi hudhani manispaa inaweza kuchimba uani kwa mtu kwa sababu ni serikali, na serikali ni serikali. Sivyo. Tulikuwa na mwanasheria wa manispaa, mtu mfupi mwenye suruali za mikunjo mikali, ambaye alikuwa na tabia moja: kila tukisubiri akidi itimie, na tulisubiri akidi karibu kila kikao, alitusimulia kesi. Diwani mmoja yuko njiani, mwingine amepiga simu anaumwa, na yeye anaanza, "Sikilizeni." Nusu ya ninachokijua kuhusu miji ya dunia nimekipata katika nusu saa hizo za kusubiri.

Alipenda kusema kwamba manispaa haina nguvu hata moja iliyozaliwa nayo. Zote imeazimwa. Kuna jaji wa jimbo la Iowa huko Marekani, John Dillon, aliyeliandika jambo hili mwaka 1868 kwa ukavu ambao mwanasheria wetu aliufurahia sana: mji umeumbwa na bunge, unapumua kwa idhini ya bunge, na bunge likitaka linaweza kuufuta. Kwa hiyo mji ukitaka kuweka bomba, kutoza kodi ya taa za barabarani au kumzuia mtu kufuga nguruwe, lazima uoneshe kifungu kinachouruhusu. Ikiwepo shaka, shaka inakwenda upande wa mwananchi. Baadhi ya majimbo yalikuja kuandika kwenye katiba kwamba miji ijipangie mambo yake yenyewe, Missouri ikatangulia mwaka 1875. Lakini hata hapo nguvu inatoka kwenye maandishi, na maandishi yana mipaka.

Kufutwa kwa mji si maneno ya kutishia watoto. Memphis, hukohuko Marekani, ulifutwa. Mwaka 1878 homa ya manjano iliua zaidi ya watu 5,000 katika mji ule, wenye uwezo wakakimbia, madeni yakabaki, na mwaka 1879 bunge la jimbo likaifuta hati ya mji. Ukawa wilaya ya kukusanyia kodi tu. Mwaka uliofuata ndipo walipoanza kuchimba mfumo mpya wa majitaka, wakiamini uchafu ndio uliozaa homa. Haukuwa uchafu, alikuwa mbu, lakini mabomba yaliwafaa kwa mengine. Hati yao walirudishiwa mwaka 1893.

Kwa hiyo nilipoishika ile notisi nilianza kwa kutafuta kifungu. Kilikuwepo, tena kimeandikwa vizuri. Sheria inaipa manispaa haki ya kupitisha bomba kwenye kiwanja cha mtu, kuingia kulitengeneza, na kuondoa kilichojengwa juu yake. Na si uonevu. Bomba la majitaka haliwezi kuzunguka nyumba ya kila mwenye kiburi, linafuata mteremko. Bomba la milimita 100, kwa kanuni ya mafundi wa zamani, hushuka sentimita 1 kwa kila sentimita 40 za urefu. La milimita 150, sentimita 1 kwa kila 60. Ukililaza zaidi ya hapo maji yanajikokota na taka zinakaa. Ukilipindisha ili likwepe stoo ya mtu, umeongeza kona, na kila kona inadai chemba yake, na kila chemba inadai mtu wa kuifungua. Nyumba nne juu yangu zinapitisha maji yao chini ya kitanda cha mama yangu. Wangeyapeleka wapi?

Kifungu kipo, kosa ni langu, ukweli mtupu. Ningeweza kuita mafundi kesho yake yakaisha. Lililonizuia ni kesi moja ya kule kwenye kusubiri akidi.

Ilikuwa London. Mwaka 1855 walitunga sheria ya kuuendesha ule mji mkubwa, ikaunda bodi za kila eneo zenye kazi ya mitaa na mifereji. Sheria ilisema mtu asichimbe msingi wa nyumba kabla ya kuipa bodi taarifa ya siku 7, ili bodi imwambie maji yake yatatokea wapi. Asipotoa taarifa, bodi inaweza kuibomoa nyumba. Mjenzi mmoja aitwaye Cooper, katika eneo la Wandsworth, akaanza kujenga. Yeye akasema taarifa alipeleka, bodi ikasema haikuipata, na hata kwa maneno yake mwenyewe alianza kuchimba siku 7 hazijatimia. Matofali yalipofika ghorofa ya pili, bodi ikatuma watu jioni, giza linaingia, wakaishusha yote chini. Cooper akashitaki.

Mwanasheria wetu alisimama hapo, akatuangalia. "Nani ameshinda?" Tulisema bodi, tena kwa pamoja. Sheria si imesema ibomoe?

Alishinda Cooper, mwaka 1863. Majaji hawakusema bodi haina nguvu ya kubomoa, walikubali inayo. Walisema nguvu hiyo haitumiki juu ya mali ya mtu kabla hajaitwa akasikilizwa, hata kama sheria haikutamka hivyo. Pengine taarifa yake ilipotea njiani. Pengine nyumba haina dosari na mfereji wake umekaa vizuri, na bodi ingemwonya tu. Huwezi kujua mpaka umuulize. Jaji mmoja akakumbusha maneno ya kesi ya mwaka 1723: hata Mungu hakumhukumu Adamu kabla ya kumwita, "Uko wapi?" Diwani mmoja mlokole alilipenda sana hilo, akawa analirudia kwenye vikao hata pale ambapo ajenda ilikuwa ununuzi wa matairi.

Nilipoisoma tena notisi yangu nikaona kisichokuwemo. Hakukuwa na mstari hata mmoja unaosema: ukiwa na la kueleza, njoo siku fulani, ueleze. Kuna "ondoa" na kuna "bila taarifa nyingine". Kati yake pana nukta mkato yangu.

Na hapo nikamkumbuka mzee mmoja. Alikuja dirishani kwangu na notisi imekunjwa mara nne, akaomba aonane na kamati. Nilimwambia, "Mzee wangu, kamati haionani na mtu mmoja mmoja." Hakuna kanuni iliyosema hivyo. Nilisema kwa sababu ilikuwa inakaribia saa ya mapumziko, na kwa sababu kila mtu pale ofisini alikuwa akisema hivyo. Akanijibu, "Haya mwanangu," akaikunja tena karatasi yake palepale kwenye mikunjo yake, akaondoka. Alitaka kueleza nini, sijui. Sikumbuki hata kiwanja chake kilikuwa wapi.

Niliandika barua ya kuomba kusikilizwa. Ukurasa mmoja, maana barua ya kurasa mbili huwa haisomwi, hilo nalijua kwa ushahidi. Nikaipeleka masijala mwenyewe na nakala, nikasimama mpaka nakala ikagongwa mhuri wa "imepokelewa" na tarehe. Karani ni binti mdogo, anakaa kwenye kiti ambacho ni kama namwona mimi. "Shikamoo mama. Kamati haionani na mtu mmoja mmoja."

"Marahaba. Nani kakwambia?"

Akafikiri. "Ndivyo tulivyokuta."

Basi nikamwomba aipeleke tu, akaipeleka.

Kabla ya kikao walimtuma mkaguzi, kijana wa mabuti marefu ambaye hakuniambia neno la kunifurahisha wala la kuniumiza. Alifungua chemba zote za mstari wetu, moja moja, akipima kina kwa fimbo yenye alama na kuandika kwenye daftari la mkono. Chemba ya jirani wa tatu ilipofunguka akapiga magoti, akachota kwa mwiko kitu kutoka chini, akakisugua kati ya vidole. Mchanga. Mchanga wa barabarani kabisa, wenye vikokoto.

"Mvua ikinyesha mnafungua hizi?" akauliza.

Tukatazamana. Ndiyo, tunafungua. Mtaa mzima tunafungua. Ua likijaa maji, unainua mfuniko wa chemba kwa nondo, maji yanashuka kwa mzunguko mzuri kabisa, na ndani ya robo saa ua ni kavu. Tatizo ni kwamba bomba la majitaka limepimwa kwa maji ya choo na bafu ya nyumba kadhaa. Ukilitilia mvua ya paa na ua, linajaa mpaka juu, na mchanga unaoingia nao hautoki tena. Bomba la majitaka na mtaro wa mvua ni vitu viwili, na karibu kila mji uliovichanganya, kwa kusudi au kwa nondo, umejuta.

Lakini kwa nini ua linajaa? Zamani halikuwa likijaa. Hapo kijana wa mabuti akanyamaza, kwa sababu jibu lilikuwa nyuma ya mgongo wake. Barabara yetu iliinuliwa. Kila walipoikarabati walimwaga tabaka jipya juu ya la zamani, na safari ya mwisho waliiinua kweli kweli. Nilipohamia hapa nilikuwa napanda ngazi moja kutoka barabarani kuingia uani. Sasa nashuka ngazi tatu. Nyumba haikuzama, dunia ndiyo iliyopanda.

Hili la kuinua barabara ni kidonda cha zamani cha miji. Boston, mwanzoni mwa karne ya 19, msimamizi wa barabara aliichimba mitaa kuishusha, msingi wa nyumba ya mtu ukabaki nje, ikabidi mwenyewe agharimie kuukinga. Mahakama ya jimbo lao, Massachusetts, ikamwambia mwaka 1823 kwamba hana fidia: ardhi yake haikuchukuliwa, na anayenunua nyumba kando ya barabara ya umma ajue kwamba barabara hiyo inaweza kushushwa au kuinuliwa. Chicago ndiyo walipitiliza. Mji ulikaa kwenye tambarare karibu sawa na ziwa, mabomba hayana pa kuteremkia, basi kuanzia miaka ya 1850 wakaamua kuinua mitaa yenyewe juu ya mabomba. Wenye majengo ndio waliotakiwa kuyainua yao yakutane na barabara mpya. Hoteli ya Tremont, jengo la matofali, iliinuliwa mwaka 1861 kwa maelfu ya jeki za skrubu, wageni wakiendelea kulala humo. Asiyekuwa na fedha za jeki alibaki shimoni, akajenga ngazi za kushuka. Kama mimi.

Ni katiba ya Illinois, jimbo ilimo Chicago, ya mwaka 1870, iliyoongeza neno moja lililobadilisha hesabu: mali ya mtu isichukuliwe "wala kuharibiwa" kwa matumizi ya umma bila fidia ya haki. Kabla ya hapo ilitosha manispaa kusema, hatukukuchukulia kitu. Baada ya neno hilo ikabidi ijibu pia, tumekuharibia nini? Napenda sana jambo hili. Neno moja, na mtu aliyeko shimoni akapata mlango wa kuingilia mahakamani.

Kikao. Nilipewa dakika saba, na kusema kweli zilitosha. Chumba ni kilekile, meza ni ileile yenye mguu uliowekewa kipande cha karatasi. Akidi ilichelewa. Nilikaa upande ambao sijawahi kukaa, na nikagundua kwamba kutoka upande ule huwaoni usoni wajumbe wawili wa mwisho kwa sababu ya nguzo. Miaka 19 nilikuwa sijui kwamba waliokuwa wakiletwa pale walikuwa wakizungumza na nguzo.

Nilianza kwa kukiri. Zege ni langu, niliagiza mimi, nitaiondoa stoo kwa gharama yangu. Nikaona mabega ya mwenyekiti yanashuka, alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Kisha nikasema ninalopinga ni sentensi moja tu, ya mimi kulipia ukarabati wa bomba zima. Mchanga ule haukutoka stoo kwangu. Umeingia kwenye chemba za nyumba tano, na umeletwa na barabara iliyoinuliwa bila kujengewa mtaro wa mvua. Mhandisi aliulizwa kama ni kweli. Akafungua daftari la yule kijana, akasoma vina vya mchanga chemba kwa chemba, na akasema ni kweli. Namheshimu kwa hilo, maana barabara ilikuwa kazi ya idara yake.

Nikawapa kesi moja, kwa kumbukumbu ya yule mwanasheria ambaye sasa amestaafu na anafuga nyuki. Uingereza walikuwa na makamishna wa mifereji tangu zamani, sheria yao kubwa ni ya mwaka 1531, waliopewa mamlaka ya kutengeneza kuta za kuzuia mafuriko na kuwatoza wenye ardhi. Ukuta mmoja wa mto Thames ulitengenezwa, wakamtoza gharama yote mtu mmoja, Rooke, kwa sababu shamba lake ndilo lililopakana nao. Wenzake wengi ambao maji yangewafikia vilevile hawakutozwa kitu. Mwaka 1598 mahakama ikasema hapana. Makamishna wamepewa hiari ya kuamua, lakini hiari hiyo ifuate akili na sheria, si matakwa yao, na waliokuwa katika hatari ileile wachangie wote. Mwenyekiti alicheka, akauliza kama huyo Rooke naye alikuwa na stoo. Ila "gharama za kukarabati bomba" zikakatwa kwa kalamu nyekundu, mbele yangu.

Waliazimia hivi: stoo niiondoe mwenyewe katika siku 30. Bomba kutoka chemba yangu hadi barabarani libadilishwe na manispaa. Chemba za mstari mzima zizolewe mchanga. Suala la mtaro wa mvua "lipelekwe kwenye bajeti". Hilo la mwisho nalijua linamaanisha nini, nimeliandika mara nyingi mno. Nimeshaanza kumfuata diwani wetu, na safari hii nasubiri nikiwa nimesimama.

Siku ya kuvunja sakafu nilikuwepo. Vigae viliondoka kirahisi, kama vile vilikuwa vinangoja. Zege lilikataa. Nyundo ilirudi juu mara nyingi kabla haijatoa ufa, na ufa ulipofunguka ikatoka hewa ya moto, nzito, kisha mende, wengi, wakatawanyika ukutani na kwenye mikono ya fundi. Chini yake mfuniko wa chuma ulikuwa umeliwa na kutu ukawa mwembamba kama biskuti, na katikati umezama. Zege langu lilikuwa limepenya pale siku ileile ya kumwagwa, likashuka na kuganda ndani ya mkondo, kwa umbo la ulimi. Hiyo ndiyo fito ya nane. Kwa miaka 11 maji ya nyumba tano yalikuwa yakipita pembeni ya ulimi huo, yakiacha kidogo kila siku. Fundi alinipa kipande. Kinaenea kiganjani. Upande mmoja ni laini kabisa, umesuguliwa na maji.

Bomba jipya lililazwa kwa siku mbili. Kabla ya kufukia, kijana wa mabuti akaweka tochi kwenye chemba ya barabarani, akaja kwangu na kioo kidogo chenye mpini, akakiteremsha kwenye mdomo wa bomba kwa pembe. Akaniita. "Mama, chungulia. Ukiona duara kamili, limenyooka. Ukiona mwezi mchanga, tunafukua."

Nilipiga magoti kwa shida. Mwanzo niliona kope zangu tu. Kisha akageuza kioo kidogo, na pale mwisho, mbali, likatokea duara jeupe, zima, halina hata pembe iliyoliwa.

Kitanda cha mama kipo sebuleni sasa. Wageni wanadhani ni cha kukalia.